Uhuru wa Kusema na Mipaka Yake

Yafaa, msomaji, tuanze kwa kisa cha kweli. Mwezi wa Novemba mwaka 1968 kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22 tu, alitunga waraka uitwao Kenya: Twendapi? Ndani yake aliilaumu Serikali ya KANU kwa jinsi ilivyowatenda wapinzani wake wa chama cha KPU. Akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miaka 3, na muda mwingi akawekwa chumbani peke yake. Humo ndimo alimotunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Yalipigwa chapa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Nawe wajua ni nani aliyekuwa Rais kijana yule alipofungwa.

Utauliza, sheria ile ilitoka wapi? Tuliirithi kwa Waingereza. Ilikuwa kosa kuandika neno lenye nia ya kuwafanya watu waichukie Serikali au kuidharau, na kabla ya Uhuru ilikwisha kuwatia gerezani wahariri wa magazeti. Ubaya wake ni kwamba aliyeamua mashtaka yafunguliwe alikuwa mtumishi wa Serikali ile ile iliyolaumiwa. Ilifutwa mwaka 1997.

Lakini usidhani kwamba sasa kila neno ni halali. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 chakupa haki ya kutafuta habari, kuzipokea na kuzitoa. Kisha chasema kwamba haki hiyo haihusu propaganda za vita, uchochezi wa fujo, wala maneno ya chuki. Ukisema kwamba waziri fulani hafai kazi yake, umo ndani ya haki yako. Ukisimama sokoni ukawaita jirani zako madoadoa ili wafukuzwe, umekwisha kutoka. Wala mpaka huo haukubuniwa mezani tu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na maneno ya namna hiyo yalikuwa yametangulia mapanga.

Heshima ya mtu nayo yalindwa, ila njia imebadilika. Mwezi wa Februari mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba sheria iliyofanya kashfa kuwa jinai yapingana na Katiba. Aliyechafuliwa jina aweza bado kwenda mahakamani kudai fidia, lakini aliyemkashifu hatiwi tena gerezani kwa kosa hilo.