Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Kalamu ambayo watoto wetu huanzia kuandika twaiita kalamu ya risasi, walakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni kinywe, jiwe jeusi laini liachalo alama karatasini. Watu wa Ulaya wa zamani walidhani kinywe ni namna ya risasi, hata mwaka wa 1779 Scheele, mwuza dawa wa Sweden, alipoonyesha kuwa ni kaboni, ndugu ya almasi.

Kinywe kilichosifiwa kupita vyote kilipatikana katika karne ya 16 huko Borrowdale, milimani kaskazini ya Uingereza. Kilikuwa safi mno: mafundi walikikata kwa msumeno kuwa vijiti, wakavitia ndani ya mti. Tena kilipakwa katika kalibu za kusubia makombora ya mizinga. Basi bei ikapanda, na wezi wakaongezeka. Wachimbaji wakawa wakipekuliwa watokapo shimoni. Na mwaka wa 1752 Bunge likatunga sheria kwamba mwizi wa kinywe aweza kufungwa kwa kazi ngumu, au kuhamishwa ng'ambo ya bahari.

Mwaka wa 1793 Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani, na Wafaransa wakakosa kinywe kile. Ndipo Nicolas-Jacques Conté alipotwaa kinywe hafifu, akakisaga, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi uliolowa, akafanya vijiti, akavioka tanuuni. Akaona ya kuwa udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Mwaka wa 1795 akapewa hati ya uvumbuzi wake.

Hivyo unga uliodharauliwa ukapata thamani. Hata leo kinywe kingi ni magamba madogo yaliyotawanyika mwambani, kama kile cha Mahenge katika Tanzania. Mwamba wa namna hiyo huvunjwa na kusagwa, ukatiwa majini pamoja na mafuta kidogo, na hewa ikapulizwa. Magamba hayashikamani na maji. Hushika mapovu, yakaelea, yakaenguliwa na kukaushwa. Kisha huchekechwa, makubwa mbali na madogo, yakaenda kutengeneza vyungu vya kuyeyushia madini, na betri.

Shimo la Borrowdale limekwisha fungwa tangu zamani, wala sheria kali haikulizuia kwisha. Lakini kalamu iliyo mkononi mwa mtoto wetu ingali yatengenezwa kwa njia ya Conté, iliyozaliwa na uhaba.