Nina sukari, je, corona itaniua?

Kila tunapozungumzia corona studioni, swali hili hurudi kwenye simu yetu ya ujumbe: "Nina sukari, nikiambukizwa ndiyo basi?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji takwimu kidogo.

Takwimu kubwa za kwanza zilitoka China Februari 2020, zikihusu wagonjwa zaidi ya 44,000 waliothibitishwa. Kwa jumla asilimia 2.3 walifariki. Kwa wasiokuwa na ugonjwa mwingine ilikuwa asilimia 0.9, lakini kwa wenye magonjwa ya moyo ilifika 10.5, kisukari 7.3, maradhi sugu ya njia ya hewa 6.3, na presha 6.0. Tuzisome kwa uangalifu. Wenye presha wengi ni watu wa umri mkubwa, na umri wenyewe ni hatari: kwa waliofikisha miaka 80 vifo vilikuwa asilimia 14.8. Na ukiigeuza hesabu ya kisukari, utaona kuwa zaidi ya 92 katika kila 100 hawakuwamo kwenye orodha ya waliofariki.

Kwa nini sukari hasa? Ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa midogo ya damu na kudhoofisha chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi. Kisha maambukizi nayo huipandisha zaidi, hata kwa mtu aliyekuwa ameizoea dozi yake. Hata deksamethasoni, dawa iliyothibitika mwaka 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi, hupandisha sukari. Daktari asiyejua kama mgonjwa wake ana kisukari anafanya kazi gizani.

Hapa Afrika wengi walihofia zaidi VVU na kifua kikuu. Utafiti wa jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kuishi na VVU kuliongeza hatari ya kufa kwa corona takribani mara mbili. Si jambo dogo. Ila kisukari kilionekana kuchangia vifo vingi zaidi, na waliokuwa na sukari isiyodhibitiwa walikuwa hatarini kuliko walioidhibiti.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilichambua takwimu za nchi 13 za Afrika: vifo vilikuwa asilimia 10.2 kwa wenye kisukari, na 2.5 kwa wagonjwa wote wa corona. Shirika hilo lilikadiria pia kwamba asilimia 70 ya Waafrika wenye kisukari hawajui kama wanacho. Kwetu hii ndiyo takwimu inayotisha kuliko zote.

Lakini magonjwa hayaelezi kila kitu. Uingereza, watu weusi na wenye asili ya Asia Kusini walikufa zaidi, na watafiti walipoondoa tofauti za maradhi na umaskini, pengo lilipungua tu, halikwisha.

Kwa msikilizaji wetu, basi: ukienda kliniki ulizia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, siyo cha asubuhi ile tu. Ukianza homa au kikohozi, usiache dawa zako, pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, na nenda kituo cha afya kabla pumzi haijaanza kubana.