Ziwa Takatifu la Wadakota

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kiasi cha kilomita 160 kutoka mji wa Minneapolis, liko ziwa ambalo ramani zaliita Mille Lacs, yaani Maziwa Elfu, jina la Kifaransa lililokuwa la nchi nzima ile yenye maziwa yasiyo idadi, kisha likabaki juu ya ziwa moja peke yake. Wadakota, waliokaa ufuoni mwake kabla Mzungu hajapata kuliona, waliliita Mde Wakan: mde ni ziwa, neno lisilompa taabu Mswahili aliyezoea kutamka mdomo na mdudu, na wakan ni kitu kitakatifu, chenye siri ambayo akili ya mwanadamu haiifikii. Kwa jina hilo wakajulikana wao wenyewe, Wamdewakanton, wakazi wa ziwa takatifu.

Ziwa lenyewe ni kazi ya barafu, kwani barafu kuu ya zama za kale ilipoyeyuka iliacha nyuma yake tuta refu la mawe na changarawe, nalo likayazuia maji yasipate njia. Eneo lake ni kilomita za mraba 536 hivi, ilhali kina chake hakizidi mita 13, na kwa sababu hiyo upepo ukivuma, maji huchafuka upesi mno, na wakati wa machipuo barafu iliyovunjika husukumwa hadi ufuoni ikarundikana kama kuta.

Upande wa kusini maji hutoka kwa mto, na mto huo hupita katika maziwa madogo yaliyoota mpunga wa mwitu. Hapo ndipo yalipokuwa maisha. Mvunaji huingia kwa mtumbwi, akayainamisha mabua juu yake kwa kijiti, akayapigapiga kwa kijiti cha pili hata punje zikaanguka ndani. Kisha punje hukaushwa motoni, zikakanyagwa kwa miguu, zikapepetwa, nasi tuliokua tukisikia sauti ya ungo alfajiri twaitambua kazi hiyo.

Mwaka 1679 Mfaransa Daniel Greysolon, Bwana wa Du Lhut, alisimamisha nembo ya mfalme wake katika kijiji kikubwa cha hapo, Izatys, jina ambalo baadaye lilisomwa vibaya katika maandishi likawa Kathio, na hata leo mahali hapo paitwa hivyo. Mwaka uliofuata padri Louis Hennepin aliletwa hapo akiwa mateka, naye aliandika jinsi wenyeji walivyomtia katika hema la mvuke, lililofunikwa ngozi na kutiwa mawe ya moto, ili mwili wake uliochoka upate nguvu.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni la ule mto. Wadakota waliuita Wakpa Wakan, Mto Mtakatifu. Wazungu wakaufasiri kwa neno la Kiingereza ambalo lina maana ya roho na pia maana ya kileo kikali, wakashika maana ya pili, na mto mtakatifu ukaitwa Rum, mto wa pombe. Sijui dhuluma ya ulimi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Katika karne ya 18 Waojibwe waliingia kutoka mashariki, na baada ya mapigano Wadakota wakahamia kusini, kwenye mito ya Mississippi na Minnesota. Huko nako, baada ya vita vya 1862 kati yao na Marekani, Wadakota 38 walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato, tarehe 26 Desemba, na mwaka wa pili sheria ikawafukuza wenzao jimboni. Wazao wa waliorejea wamo leo Shakopee na Prairie Island, mbali na ziwa, na jamii ya Shakopee ingali yajiita Mdewakanton; na kule ziwani, ufuoni mwa kusini, kipo kimji kidogo kiitwacho Wahkon.