Somo Lisilo na Mtihani

Siku ya kuchagua masomo chuoni nilikuwa na miaka 19. Mwalimu wa sekondari hapa Kenya husomea masomo mawili ya kufundisha, nami nikaandika Kiingereza na Fasihi bila kusita. Wenzangu Wagiriama kadhaa waliandika hivyo hivyo. Wengine wakachukua Kiswahili na Historia. Kigiriama hakikuwamo kwenye orodha, na hakuna aliyeuliza mbona.

Nilipofika nyumbani Matsangoni na habari hizo, hawe wangu alicheka. "Kizungu, sawa. Na haya yetu atafunza nani?"

Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Kumbe lugha yake iliingia kitabuni zamani sana. Mwaka 1891 mmishenari W. E. Taylor alichapisha London msamiati wa Kigiriama, miaka mitano kabla ya reli kuanza kujengwa kutoka Mombasa. Kabla yake Krapf na Rebmann, waliokaa Rabai tangu 1846, walikuwa wakikusanya maneno ya Kimijikenda. Si kwamba walitupenda sana, bana. Walitaka waumini, na mtu husali kwa lugha ya mamake.

Uhuru ulipokaribia upepo ukageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianzia Nairobi mpango ulioitwa New Primary Approach: mtoto afundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki, na wazazi hawakulalamika, maana Kiingereza ndicho kilichokuwa na kazi ya ofisini. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikasema madarasa matatu ya mwanzo yatumie lugha ya eneo. Karatasini.

Lakini mwaka ninaourudia kila mara ni 1985. Kabla ya hapo Kiswahili hakikutahiniwa mwisho wa shule ya msingi, na shule nyingi zilikipuuza. Ulipokuja mfumo wa 8-4-4 kikawa cha lazima, chenye mtihani. Vitabu vikaandikwa, walimu wakatafutwa, na wanafunzi wa ualimu wakaanza kukichagua. Ndiyo sababu huwa siamini tukiambiwa walimu vijana hawapendi lugha zao. Tunapenda kuajiriwa.

Mimi sikuajiriwa na yeyote. Karo ilinishinda mwaka wa tatu, nikarudi. Shule moja ndogo kando ya barabara ya Malindi ilikosa mwalimu wa gredi ya pili, nikashika darasa muhula mmoja. Mtaala mpya una somo la lugha za kiasili, na kwenye ratiba kipindi chake kilikuwapo, kimeandikwa vizuri kabisa. Kitabu hakikuwapo. Wala hakuna ambaye angekuja kuniuliza watoto wamejua Kigiriama kiasi gani, ila Kiingereza wangeniuliza. Basi kipindi hicho nikawa nawasomesha Kiingereza.

Siku moja ya jua kali mtoto wa dawati la nyuma aliinua mkono akaomba madzi. Wenzake wakacheka. Nami, mjukuu wa hawe, nikamwambia aombe tena kwa Kiingereza.

Akashusha mkono, akakaa. Hakuomba tena mpaka kengele ya mapumziko.