Vita vya Kuigiza na Jina la Bilpam

Mtajie mtu yeyote wa Juba neno Bilpam, naye ataelekeza kidole upande wa makao makuu ya jeshi. Lakini Bilpam iliyolizaa jina hilo haiko Juba, wala haiko Sudan Kusini. Ni kambi iliyokuwa ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Gambella nchini Ethiopia. Wapiganaji wa Anyanya ya Pili waliitumia, kisha, baada ya askari wa Bor kuasi tarehe 16 Mei 1983, ikawa mahali pa kuundwa kwa jeshi la SPLA. Mkataba wa amani wa mwaka 2005 ulipowaleta wapiganaji hao mjini, jina walikuja nalo. Wakalitundika juu ya makao yao mapya, kama mhamiaji anavyotundika ukutani picha ya kijiji alichokiacha.

Kuhamisha jina ni namna nyepesi ya kuirudia historia. Wako watu ambao hawaishii kwenye jina. Huyarudia mavazi, silaha, na hata mapigano yenyewe, na huyafanya hayo kwa kujifurahisha, siku za mapumziko, bila kulipwa. Huenda jambo hili likakushangaza, hasa kama umeishi Juba. Naomba ulitazame pamoja nami, kwa kuwa lina swali ndani yake ambalo linamhusu raia wa hapa kuliko linavyomhusu Mmarekani au Mwingereza.

Katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, watu huvamiwa na maharamia kila mwaka. Sherehe hiyo ilianza mwaka 1904. Kundi la wenyeji, wengi wao wafanyabiashara na watu wenye nafasi, huvaa kofia pana, makoti marefu na panga za kiunoni, hupanda merikebu iliyojengwa mwaka 1954 kwa ajili ya mchezo huo tu, kisha huingia bandarini kwa kelele na mizinga, na meya huwakabidhi mji. Wanadai kumuiga haramia wa Kihispania aliyeitwa José Gaspar. Jambo la kuchekesha ni kwamba hakuna hati yoyote inayothibitisha kuwa mtu huyo aliwahi kuishi. Habari zake zilienezwa na kijitabu cha kampuni ya reli kilichokusudiwa kuwavutia wageni. Mji mzima hujisalimisha kwa mtu ambaye hakuzaliwa.

Nchini Uingereza mchezo una uzito zaidi. Mwaka 1968 mwanajeshi mstaafu, Brigedia Peter Young, alianzisha chama cha Sealed Knot cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa huko kati ya mwaka 1642 na 1651. Wanachama hushona nguo zao za sufu na kitani kwa mitindo ya wakati ule, huchagua kuwa upande wa mfalme au upande wa bunge, na husukumana kwa mikuki mirefu uwanjani mbele ya watazamaji. Bunduki hutiwa baruti lakini hazitiwi risasi. Panga ni butu. Mwisho wa siku waliokufa huinuka, hujikung'uta nyasi, wakaenda kunywa pamoja na waliowaua.

Yatazame vizuri masharti ya mchezo huo. Vita vyenyewe vilikwisha zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuna anayemdai jirani yake ng'ombe au shamba kwa sababu ya mwaka 1642. Mtazamaji anajua kuwa anatazama mchezo, na askari polisi aliye kando ya uwanja anajua hivyo pia. Kikikosekana kimojawapo, mchezo hauwi mchezo tena.

Na haramia je? Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa damu yumo katika soko la Konyokonyo kila siku, kwani katika Kiarabu cha Juba harami ni mwizi. Ila si kila aliyeitwa haramia alikuwa mwizi machoni pa wote. Kwa Wareno, Mir Ali Bey, aliyepita pwani ya Uswahilini na merikebu zake katika miaka ya 1580, alikuwa haramia wa Kituruki. Kwa miji iliyompokea alikuwa mwenzi wa kuwasaidia kuwaondoa Wareno. Alishindwa Mombasa mwaka 1589, akapelekwa Lisbon akiwa mfungwa, na aliyeshinda ndiye aliyemwandikia sifa zake. Bilpam inalifahamu jambo hili. Waliotoka huko waliitwa waasi na serikali ya Khartoum kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 9 Julai 2011 wakawa jeshi la taifa huru. Kabla watu hawajaigiza vita, basi, lazima wakubaliane nani alikuwa nani, na kwamba vita hivyo vimekwisha.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa kuigiza vita, tena mkongwe kuliko chama cha Uingereza nilichokitaja. Namaanisha ngoma ya Beni. Ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana waliwaona askari na mabaharia wa Kizungu wakipita na bendi zao, nao wakaunda vyama vya ngoma vilivyoiga kila kitu: ngoma na tarumbeta, gwaride, amri, kofia, mikanda na vyeo. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, huyu wa pili akijinasibisha na Waskoti. Tanganyika ilikuja kuwa na Marini na Arinoti, na jina Marini lilibeba harufu ya manowari. Chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makanali na madaktari wake. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo bandarini siku sita, siku ya saba alikuwa kanali.

Silaha zao hazikuwa silaha. Mchezaji alishika fimbo, na katika ngoma za namna hiyo zilizoenea hadi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alishika bunduki iliyochongwa kwa mti, huku tarumbeta zikitengenezwa kwa vibuyu. Walioieneza ngoma hii bara hasa ni askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Fikiri kidogo juu ya hilo. Watu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao, wakawazika wenzao kando ya njia, walirudi nyumbani na kitu cha kwanza walichokifanya kwa hiari yao kilikuwa kucheza gwaride. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake kuhusu Beni kilitoka mwaka 1975, hakuridhika na maelezo ya wakoloni kwamba Waafrika walikuwa wakiiga tu kama watoto. Chini ya yale makoti palikuwa na vyama vya kusaidiana: mgeni mjini alipata ndugu, mgonjwa alitazamwa, maiti ilizikwa kwa heshima.

Na mashindano yalikuwa makali. Upande mmoja ukichinja, wa pili ulichinja zaidi. Upande mmoja ukitunga wimbo wa kejeli, wa pili haukulala. Watu walifilisika kwa ajili ya ngoma. Mimi naona gharama hiyo ilikuwa kubwa mno, na wazee wa dini waliokemea ufujaji walikuwa na haki yao. Hata hivyo, mitaa iliyokuwa na ugomvi wa kweli ilipata uwanja wa kuupimia bila kuchomana visu.

Serikali za kikoloni hazikuwahi kutulia. Zilijiuliza, je, hawa wanacheza jeshi, au wanajifunza kuwa jeshi? Wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi iliichunguza pia ngoma ya Mbeni na nafasi yake katika mgomo huo. Swali la tume halikuwa la kipumbavu. Chama chenye vyeo, wajumbe na nidhamu kinaweza kufanya mengi zaidi ya kucheza.

Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, suala la silaha limetatuliwa kwa njia nyingine. Kila mwezi wa Julai hufanyika Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka, sherehe ya mwaka mpya kwa hesabu ya kalenda ya jua ya kale. Wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini hukabiliana uwanjani na kupigana, kupigana kweli, wakiwa wameshika vigogo vya mgomba. Mgomba una sifa njema kwa kazi hiyo: unatoa sauti kubwa, unauma kiasi, na hupasuka mapema. Hasira za mwaka mzima huachwa hapo. Baadaye kibanda cha makuti huchomwa moto na aliyekuwa ndani hutoka mbio, na wanawake hupita wakiimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Simulizi za wenyeji zinasema zamani walitumia magongo. Kama ndivyo, basi siku moja watu wa Makunduchi walikaa wakaamua kubadilisha silaha ili wabaki na mchezo, na uamuzi huo nauheshimu kuliko katiba nyingi.

Turudi Juba sasa. Tatizo la kuigiza vita hapa ni kwamba mavazi bado hayajawa ya kale. Kofia ya haramia wa Tampa haiwezi kudhaniwa kuwa kitu kingine. Sare ya madoadoa inaweza. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, mapigano yalipoanza mjini humu, waliopigana walikuwa askari wa jeshi moja, waliovaa sare moja. Julai 2016 milio ilisikika tena. Aliyejificha ndani ya nyumba hakuwa na namna ya kumtambua mtu kwa nguo zake. Alisikiliza lugha, akahesabu hatua. Mtu huyo bado ni jirani yetu. Ukimwonyesha leo kijana aliyevaa sare kwa mzaha, yeye haoni mzaha.

Ndiyo maana serikali nyingi hukataza raia kuvaa sare za jeshi, nami nakubaliana nazo kwa kiasi. Kwa kiasi, kwa sababu katazo hilo lina mlango wa nyuma. Septemba 2019 serikali ya Uganda ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu ni vazi la jeshi, wakati ambapo bereti hiyo ilikuwa alama ya wafuasi wa mbunge na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, Bobi Wine. Raia aliyekuwa amevaa kofia yake jana, leo akawa mkosaji. Sheria ya mavazi, msomaji, isomwe yote, na usomapo uulize inamlinda nani: mwananchi asitishwe na jeshi la uongo, au mtawala asionekane kuwa na wapinzani?

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa fasihi angelikataa kama lingetungwa. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliagiza kuundwa kwa jeshi la pamoja kutoka pande zilizokuwa zikipigana. Julai mwaka huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limezuia silaha kuingizwa nchini. Kwa hiyo vijana walioingia katika kambi za mafunzo walijifunza kwa bunduki za mbao na fimbo, na tarehe 30 Agosti 2022 kundi la kwanza la askari hao, zaidi ya 21,000, lilihitimu mjini Juba. Waliokuwa maadui walisimama katika safu moja. Wachezaji wa Beni walishika bunduki za mti wakijifanya askari. Hawa walikuwa askari, waliojifunza kazi yao kwa vitu vya kuchezea. Wapo waliowacheka. Mimi niliona picha zao nikafikiri kwamba huenda hakuna gwaride lililowahi kufanyika katika mji huu likiwa na hatari ndogo kuliko hilo.

Je, vijana wa mitaa iliyo karibu na Bilpam waache kabisa kuigiza historia yao? La. Miereka ya Wamundari wa Terekeka na Wadinka wa Bor hujaza uwanja wa Juba, jamii ambazo zimeibiana ng'ombe na kuuana kwa sababu hiyo. Wanamiereka huja na majivu mwilini na shanga, hawana sare wala chuma mkononi, na mgongo ukigusa ardhi pambano limekwisha. Kipimo cha Makunduchi kinatimia hapo bila kuazima chochote kutoka Zanzibar.

Na kwa shule inayotaka mchezo wa kihistoria wenye mavazi, vyombo na mapambano ya kupanga, napendekeza Gondokoro. Mahali hapo pako jirani na Juba, kwenye mto. Baada ya msafara wa Salim Qabudan kutoka Misri kufika sehemu hizi mwaka 1841, walifuata wafanyabiashara wa Khartoum na mashua zenye bunduki. Walitafuta pembe za ndovu, kisha wakawa wanateka ng'ombe na watu, wakijenga maboma ya miiba yaliyoitwa zariba. Kama Nile ilipata kuwa na maharamia, ndio hao. Mwaka 1871 akaja Samuel Baker, kwa niaba ya Khedivu Ismail, akapandisha bendera, akapaita Ismailia, akatangaza kukomesha biashara ya utumwa. Muda si mrefu yeye mwenyewe alikuwa akipigana na Wabari, ambao kiongozi wao humwandika kwa jina Alloron, na kuchukua nafaka na ng'ombe wao ili kulisha askari wake.

Vita hivyo vimekwisha, na hakuna familia ya Juba inayodaiwa kwa ajili yake. Tanga linaweza kushonwa kwa magunia, mashua ikatengenezwa kwa matete, bunduki zikawa mabua ya mtama, ili hata mpita njia wa jioni asikosee. Wanafunzi watagombania kuwa Alloron. Kazi itakuwa kumpata atakayekubali kubandika ndevu awe Baker, na kumweleza katika nusu saa ya mazoezi kama anaingia jukwaani akiwa mkombozi au haramia.