HISTORIA YETU, SEHEMU YA 4: Rundo la mawe si mali ya Mjerumani

Leo tuongelee makaburi ya kale kabisa, yale marundo ya mawe ambayo ukipita unadhani mtu alikuwa anasafisha shamba.

Hapa kwetu Kilimanjaro tunazika kihambani, na masale yanatuonyesha wazee wamelala wapi. Mtoto anajifunza mapema kwamba pale hapachezewi. Lakini wapo waliozikwa zamani sana, wasio na mjukuu wa kuwasemea.

Ukitoka Moshi ukapita Arusha mpaka Ngorongoro, ndani ya kreta kuna makaburi ya mawe ya wafugaji walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Miaka ya 1940 Mary Leakey alichimba baadhi, akakuta mifupa, bakuli za mawe na shanga.

Jirani zetu Kenya, Lothagam karibu na Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita walizika watu wasiopungua 580 sehemu moja, wakafunika kwa mawe. Wanaume, wanawake, watoto, hata vichanga. Na karibu kila aliyechunguzwa alikuwa na mapambo yake. Kichanga naye alivishwa shanga! Mama uliyewahi kumzika mtoto, unaelewa hapo bila kuelezwa.

Sasa shida iko wapi? Wengine wakiona mawe yamepangwa wanasema Mjerumani alificha mali, wanachimba usiku. Wengine wanabeba mawe wakajengee msingi. Ushanga ukishatolewa pale ulipolala, hakuna tena wa kujua ulikuwa wa nani. Ni kama majibu ya maabara yasiyo na jina la mgonjwa: karatasi unayo, ila haikusaidii kitu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuchimba bila kibali ni kosa, hata kama rundo liko shambani kwako.

Kwa hiyo ukikuta mawe ya namna hiyo, yaache yalivyo, mwambie mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya. Na watoto wakiwa likizo, waambie: aliyelala hapo naye alikuwa mtoto wa mtu.

Kwenu, bibi alikukataza kugusa mawe gani? Niambieni. Sehemu ya 5 twende Engaruka.