Kaseti za Gemu Zilizovuka Ziwa

Agosti 2021 kaseti moja ya Super Mario Bros., ikiwa bado kwenye boksi lisilofunguliwa, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 2. Sisi tuliokulia Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, tulimjua Mario huyohuyo kupitia kaseti ya njano isiyo na boksi wala jina la kampuni. Ilipogoma, tuliitupa.

Historia yake ni fupi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Pasipo TV, gemu utaichomeka wapi? TV zilipoenea, zikafuata mashine za bei nafuu zilizoigwa kutoka Famicom, ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani mwaka 1983. Ndiyo maana gemu ya 1985 tuliicheza miaka ya 2000 kama kitu kipya kabisa. Kwetu ilifika kwa boti, pamoja na sukari na nyavu, ikaishia kwenye kibanda cha video chenye jenereta.

Je, kaseti inaishi miaka mingapi? Data yake imewekwa kwenye chipu tangu kiwandani, haichakai kwa kuchezwa kama kanda ya muziki. Inaweza kudumu miongo kadhaa. Kinachotangulia kufa ni betri. Kaseti ya The Legend of Zelda ilikuwa na betri ndogo ya kutunza ulipofikia. Ikiisha, gemu inacheza lakini kumbukumbu hakuna. Zile tulizocheza sisi hazikuwa na betri: jenereta likizimwa, unaanza upya.

Adui wa pili ni unyevu. Meno ya shaba yanashika kutu, na ziwani hewa yenyewe ni maji. Halafu ile tabia ya kupuliza kaseti! Yaani tuliongeza mate tukidhani tunatoa vumbi. Dawa yake ni pamba na spiriti kidogo.

Wakusanyaji wanalipia uhalisi na boksi safi. Kwa kipimo hicho, zetu ni takataka. Tena chipu yake imefunikwa tone jeusi gumu, ikiharibika haibadilishiki. Kwa hiyo kaseti za matajiri zitabaki, zetu zitapotea, na atakayeandika historia ya gemu kesho atadhani huku ziwani hatukucheza.

Hapo ndipo mimi naona thamani yake. Kaseti ya Goziba inaonyesha kompyuta ilivyofika kwa watu kabla hawajaiita kompyuta. Kama unayo moja sandukuni, isafishe, iweke pakavu, na uambatishe karatasi: ilinunuliwa wapi, ilichezwa na nani. Boksi hatukuwa nalo. Maelezo hayo tunaweza kuyaandika leo.